Rangi Ifike Ikiwa Mbichi: Kupulizia Modeli Akriliki kwa Brashi ya Upepo

Mtazame fundi rangi wa gereji anapopiga mlango wa gari. Mkono unaanza kutembea kabla rangi haijatoka, unapita mlango wote kwa mwendo mmoja, unatokea upande wa pili, ndipo anaachia triga. Hasimami katikati. Kati ya pua ya bunduki na bati pana kama shubiri moja, na shubiri hiyo haibadiliki tangu bawaba hadi kitasa. Niliwahi kumuuliza mmoja kwa nini asisogee. Akajibu bila kugeuka: "Ukienda mbali inakuwa vumbi, ukikaribia inalia." Nilisikia maneno hayo miaka mingi kabla ya kununua brashi ya upepo. Nilipoinunua nikayasahau, nikaharibu ndege tatu.

Haya ni maelezo kwa mtu ambaye modeli yake ya plastiki iko mezani, imeshaungwa na kupigwa msasa, na sasa anataka kuipaka akriliki kwa upepo badala ya brashi ya nywele. Mfano wangu utakuwa Spitfire Mk IX ya kipimo cha 1/72, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoingia kazini mwaka 1942. Nimeichagua kwa sababu seti zake hupatikana kirahisi, na kwa sababu sare yake ya rangi inafundisha karibu kila kitu: tumbo la kijivu hafifu, mgongo wa kijivu na kijani vinavyopishana kwa mawimbi, ukanda mwembamba mkiani, na ukingo wa mbele wa njano kwenye mabawa.

Kwanza hesabu moja, ili ujue kwa nini watu hujisumbua na upepo. Unywele wa binadamu una unene wa karibu milimita 0.07. Ukipaka modeli ya 1/72 tabaka la rangi lenye unene huo, umefanya sawa na kuipiga ndege halisi lipu ya milimita 5. Mistari ya mabati inafukiwa, vichwa vya ribiti vinapotea, na hata mtu asiyejua lolote kuhusu ndege atahisi kwamba anaangalia kitu cha kuchezea. Brashi ya nywele inaweza kupaka kwa wembamba mkononi mwa mtu aliyeizoea sana. Upepo unampa wembamba huo hata mwanafunzi, mradi aelewe jambo moja.

Jambo lenyewe ni hili. Rangi inapotoka puani haiwi tena kimiminika kimoja, inakuwa ukungu wa matone madogo mno, na kila tone linaanza kukauka papo hapo, likiwa bado hewani. Tone likifika kwenye plastiki likiwa bichi, linatandaa, linashikana na jirani zake na kuwa ngozi moja laini. Likifika likiwa limeshakauka, linabaki punje, na punje elfu zikikaa pamoja ni chaki: uso mkavu, wenye vumbi, unaotoka ukiupangusa kwa kidole. Likifika na maji mengi kupita kiasi, halina pa kwenda, linakusanyika na wenzake na kutiririka. Rangi ifike ikiwa mbichi, ikauke ikishafika. Presha, umbali, thina, hali ya hewa na kasi ya mkono vyote ni njia tofauti za kulifikia lengo hilo moja. Anayekupa namba za presha bila kukwambia hili amekupa ufunguo bila kukuonyesha mlango.

Chombo

Sitakaa sana hapa, maana watu hutumia miezi wakilinganisha vyombo badala ya kupuliza. Brashi ya upepo ni bunduki ya gereji iliyopunguzwa hadi ikawa saizi ya kalamu. Ni chombo cha zamani: Mmarekani Francis Edgar Stanley alipata hataza ya kipulizio cha aina hii mwaka 1876, kabla yeye na pacha wake hawajajulikana kwa magari yao ya mvuke. Ndani yake mna sindano ndefu inayoziba tundu la nozeli. Ukiirudisha sindano nyuma, rangi inapata upenyo, na upepo unaopita kando ya nozeli unaifyonza na kuitawanya.

Nunua yenye kikombe juu, kwa kuwa rangi hushuka yenyewe na hivyo hutumia presha ndogo. Iwe ya vitendo viwili: unabonyeza kitufe chini upepo utoke, kisha unakivuta nyuma rangi ifuate. Nozeli ya milimita 0.3 inatosha kwa kazi yote ya Spitfire yetu. Ya 0.2 inavutia machoni, lakini huziba kwa akriliki mara kwa mara na itamkatisha tamaa mwanafunzi. Kompresa iwe na tangi, hata dogo la lita 3, kwa kuwa isiyo na tangi hutoa upepo wa kupigapiga kama mapigo ya moyo, na mapigo hayo huonekana kwenye mstari mwembamba. Iwe pia na geji, kirekebisha presha na kichujio cha maji. Ukipata upepo wa kompresa ya gereji, usiunganishe moja kwa moja. Ile husukuma bar 8 au zaidi na mara nyingi hubeba mafuta, nawe unahitaji bar 1 na kidogo, safi.

Akriliki si rangi moja

Hapa ndipo nilipoharibu ndege ya kwanza, kwa hiyo nitakaa.

Neno "akriliki" kwenye chupa linakudanganya udhani zote ni ndugu. Zipo koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza ni wa Tamiya ya Japani, zile chupa za kioo za mililita 10 zenye namba zinazoanza na X au XF, pamoja na rangi za maji za Mr. Hobby. Hizi zinakubali maji, lakini utomvu wake umeyeyushwa katika mchanganyiko wenye alikoholi. Ukoo wa pili ni wa Vallejo ya Uhispania na nyingi zinazofanana nayo, katika chupa za plastiki zenye mdomo wa kudondosha. Hizi ni chembe ndogo za plastiki zinazoelea ndani ya maji, kama mafuta yanavyoelea ndani ya maziwa. Maji yakiondoka, chembe hukaribiana, huungana na kuwa utando.

Tofauti hiyo ndiyo kila kitu ukifika kwenye thina. Tamiya hupenda thina yake yenyewe, iitwayo X-20A, na hupatana vizuri na alikoholi ya isopropili. Wengi, nami nikiwamo, huipendelea zaidi ikichanganywa na thina kali ya Mr. Leveling Thinner, ambayo ndani yake mna kichelewesho cha ukaukaji. Rangi hujilaza yenyewe na kukauka kama ganda la yai. Harufu yake ni kali, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Vallejo ukiitia alikoholi, unaivunja. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba isopropili ni thina nzuri "ya akriliki", nikaimimina kwenye kikombe chenye Vallejo. Kabla sijamaliza kukoroga, rangi ikageuka mtindi. Mabonge yakashuka kwenye nozeli, nikatumia jioni nzima kuyachokoa. Hakuna cha kuokoa ikishafika hapo, ni ya kumwaga. Vallejo tumia thina yake, au maji yaliyosafishwa ukikosa kabisa, na matone machache ya kile kimiminika cha kulainisha mtiririko wanachokiuza wenyewe. Maji ya bomba yenye chumvi nyingi yaache jikoni.

Kiasi gani? Watu hutaka uwiano, nami nitautoa, lakini uwiano ni mwanzo tu. Tamiya naanza sehemu moja ya rangi kwa moja ya thina, nikienda hadi moja kwa mbili kwa mistari myembamba. Vallejo ya kupulizia, ile iitwayo Model Air, inauzwa kama iliyo tayari, lakini mimi huiongezea: kwa matone matano ya rangi, mawili ya thina na moja la kilainishi. Vallejo ya brashi, Model Color, ni nzito kuliko hiyo, inahitaji thina karibu sawa na rangi yenyewe.

Kipimo cha kweli ni jicho. Changanya kwenye kikombe kingine, si kile cha brashi, kisha chota kwa kijiti na uache tone liteleze ukutani mwa kikombe. Likibaki limening'inia kama mtindi, bado ni zito. Likishuka kama maziwa freshi na kuacha utando mwembamba unaofifia taratibu, ndilo. Likikimbia bila kuacha alama, kama maji uliyosuuzia kikombe cha maziwa, umezidisha. Rangi hiyo haijapotea, inafaa kwa kazi ya vivuli, lakini haitafunika plastiki. Unapoimimina kwenye brashi, tangulia na matone mawili ya thina tupu. Yatashuka kwenye nozeli kwanza, na rangi nzito haitakuwa ya kwanza kukaa pale penye tundu la milimita 0.3.

Presha, umbali, na taa ya mezani

Kwa Tamiya weka geji kati ya bar 1 na 1.2, yaani takriban psi 15 hadi 17. Kwa Vallejo, ambayo ni nzito kidogo, bar 1.3 hadi 1.5. Soma geji wakati upepo unatoka, si wakati umefunga, kwa sababu presha hushuka mara unapobonyeza kitufe. Umbali wa kupaka tabaka la kawaida ni sentimita 5 hadi 8. Kwa mstari mwembamba unasogea hadi sentimita 2, unashusha presha chini ya bar 1, na rangi unaifanya nyepesi zaidi. Vitatu hivi hutembea pamoja. Ukisogea karibu bila kupunguza presha, upepo utaisukuma rangi iliyo mbichi ikimbie pande zote kama miguu ya buibui. Ukipunguza presha bila kuifanya rangi nyepesi, itatema mate badala ya ukungu.

Zoezi la kwanza lisiwe kwenye ndege. Chukua vijiko vya plastiki vya sherehe, dazeni moja, na maji yenye rangi ya chakula kwa kuanzia. Fundisha kidole mfuatano: upepo kwanza, rangi baadaye, rangi ifungwe kwanza, upepo mwisho. Anayeachia kitufe chote kwa mkupuo huacha tone kwenye ncha ya sindano, na tone hilo litaruka kwenye modeli mara atakapobonyeza tena. Kijiko ni mwalimu mzuri kwa kuwa kina mgongo na bonde, kama ubavu wa ndege.

Sasa, utajuaje kwamba rangi inafika mbichi? Weka taa ya mezani upande wa pili wa modeli, mwanga ukija kwa mshazari na kuteleza usoni pake. Ukipuliza, angalia mwanga, usiangalie rangi. Pale brashi inapopita pawe na mng'ao mdogo wa unyevu unaodumu sekunde mbili au tatu kisha unafifia. Usipouona mng'ao kabisa, unapuliza vumbi: karibia, au ongeza thina. Ukidumu na kuanza kusogea kama kitu hai, rangi iko mbioni kulia: inua mkono na usiguse kitu. Sijui zoezi lingine lililonisaidia kama hili, na lilinichukua muda mrefu kulipata, maana vitabu vingi hutoa picha za modeli iliyokamilika na kuacha zile sekunde chache za mng'ao.

Tabaka la kwanza lisifunike. Hili ni gumu kwa mtu anayetoka kwenye brashi ya nywele. Piga ukungu mwepesi, plastiki ionekane kwa chini, ngoja dakika mbili, piga tena. Tabaka tatu nyembamba zinakauka upesi kuliko moja nene, na unene wake wote ukijumlishwa bado ni mdogo.

Maji yaliyomo hewani

Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa Ulaya, Marekani na Japani, wanaopuliza ndani ya chumba cha nyuzi 20. Anayepuliza Tanga, Mombasa au Dar es Salaam ana mgeni ambaye vitabu hivyo havimtaji sana.

Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba hadi takriban gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, na siku ya joto pwani huwa haiko mbali na kiwango hicho. Kompresa inapoikandamiza hewa hiyo hadi sehemu ya tano ya ujazo wake, mvuke ule ule unabanwa kwenye nafasi ndogo isiyoweza kuubeba. Unageuka maji. Sehemu inabaki tangini, sehemu inasafiri na hewa ya moto na kugeuka maji ndani ya mpira unaokwenda kwenye brashi, hewa inapopoa njiani. Kisha, ukiwa katikati ya bawa, brashi inatema tone la maji safi na kuchimba kidonda kwenye rangi.

Kwa hiyo fungua koki ya chini ya tangi umwage maji kila baada ya kazi, na kwa pwani hata katikati ya kazi. Kichujio kilichopo kwenye kompresa hakitoshi, kwa sababu hewa inakipita ikiwa bado moto. Ongeza kingine kidogo karibu na brashi yenyewe, mwisho wa mpira, ambako hewa imeshapoa. Mpira mrefu unaoning'inia chini kabla ya kupanda mkononi nao husaidia, maana maji hukusanyika kwenye lile pindo.

Unyevu una tabia nyingine. Rangi ya maji kama Vallejo hukauka polepole hewa ikiwa nzito, basi pwani itie thina kidogo kuliko vitabu vinavyosema na ngojea zaidi kati ya tabaka. Bara kwenye ukavu, Dodoma kwa mfano, mambo hugeuka: maji yanakimbia, rangi inakauka kwenye ncha ya sindano na kuota kofia, mstari unapinda, kisha inatema. Huko ongeza kilainishi, na uwe na pamba yenye thina karibu ya kupangusia ncha kila baada ya dakika chache. Feni ya dari izime pote pawili. Pwani itakuletea vumbi, bara itakukaushia ukungu kabla haujafika.

Vanishi isiyong'aa usiipulize wakati mvua za masika zinanyesha. Thina kali inapogeuka mvuke haraka huupoza uso wa modeli, unyevu wa hewani unatua juu yake, na vanishi inabaki na ukungu mweupe. Niliwahi kuifanya ndege nyeusi ionekane imelala kwenye gunia la unga.

Spitfire

Osha modeli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, isuuze, iache ikauke usiku. Mafuta ya vidole na ya kiwandani ndiyo sababu ya kwanza ya akriliki kubanduka na tepu. Kisha praima. Akriliki haishiki vizuri kwenye plastiki tupu. Praima za ukoo wa thina kali, kama Mr. Surfacer, huuma plastiki na hukubali msasa. Praima ya maji ya Vallejo ni rafiki wa mapafu, lakini ukiipiga msasa hubanduka kama ngozi iliyoungua jua, kwa hiyo hakikisha mishono imekamilika kabla ya kuipaka.

Anza na njano ya kingo za mbele za mabawa. Njano ni dhaifu, haifuniki kijivu, basi weka nyeupe chini yake. Ikikauka ifunike kwa tepu ya karatasi. Fanya vivyo hivyo kwa ukanda wa mkiani, ambao Tamiya wana rangi yake kwa namba XF-21. Kwenye ndege halisi ulikuwa na upana wa inchi 18, kwa hiyo kwako ni milimita 6.35. Kata tepu ya upana huo juu ya kioo kwa wembe mpya, na uipunguze gundi kwanza kwa kuibandika kwenye ngozi ya mkono wako.

Halafu tumbo: XF-83, kijivu hafifu. Halafu mgongo mzima: XF-82, kijivu cha bahari. Rangi hizi mbili na kijani cha XF-81 zilitengenezwa kwa ajili ya sare hii hasa, ambayo jeshi la anga la Uingereza liliivisha ndege zake za kivita kuanzia Agosti 1941, mapigano yalipohamia juu ya mlango wa bahari na kaskazini mwa Ufaransa, na kahawia ya udongo ya sare ya awali ikawa haifichi kitu. Kwa mpaka wa tumbo na mgongo piga tepu.

Mawimbi ya kijani ndiyo yanayowashawishi watu kupuliza kwa mkono mtupu, wakidhani mpaka laini ndio uhalisi. Rudi kwenye hesabu. Tuseme mpaka wa ndege halisi ulififia kwa upana wa inchi moja, milimita 25. Gawanya kwa 72: milimita 0.35. Huwezi kuupuliza mpaka huo kwa mkono kwa uhakika, na ukiupuliza milimita 3 umechora ndege ambayo rangi zake zinachanganyikana kwa zaidi ya sentimita 20. Tumia ile gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, Blu Tack. Isokote kama tambi ya unene wa milimita 2, ilaze juu ya mstari wa mpaka, na ujaze sehemu ya ndani kwa tepu. Puliza ukiielekeza brashi wima juu ya uso. Ukilaza mkono, ukungu utaingia chini ya ile tambi na mpaka utapanuka upande mmoja. Huu uduara wa tambi ndio unaotoa ulaini wa nusu milimita hivi, bila wewe kujitahidi.

Toa vifuniko mapema, kijani kikishakauka kwa kugusa, ukivuta tepu kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe. Lakini kabla ya kufunika rangi uliyopaka, kuwa na subira kubwa zaidi: Tamiya saa chache, Vallejo siku nzima. Kukauka kwa kugusa na kukomaa ni mambo mawili, na tepu hujua tofauti yake.

Dekali, zile alama za maji, haziwekwi juu ya rangi isiyong'aa. Uso wake una mashimo madogo yanayonasa hewa chini ya dekali, na hewa hiyo hung'aa kama fedha. Puliza vanishi ya kung'aa kwanza (Tamiya X-22 na thina kali hutoa kioo), weka dekali, funga kwa vanishi nyingine nyembamba, kisha malizia na isiyong'aa.

Mapafu, moto, na sinki la jikoni

Kuandikwa "maji" kwenye chupa hakuufanyi ukungu wake kuwa mvuke wa chai. Ni plastiki na rangi zilizosagwa, nawe unazivuta. Kwa Vallejo vaa barakoa ya kuzuia vumbi ya daraja la N95, si ya kitambaa wala ile ya bluu ya hospitali. Kwa alikoholi na thina kali hiyo nayo haitoshi, unahitaji kifaa cha uso chenye vichujio vya kaboni. Boksi la katoni lililokatwa mbele, likiwa na feni nyuma na bomba linalotoka dirishani, ni kibanda kizuri cha kuanzia kwa rangi za maji. Kwa thina kali uangalie kwamba mota ya feni haikai ndani ya njia ya mvuke, kwa sababu cheche ya mota huwasha. Mvuke wa isopropili hushika moto hata kwenye ubaridi wa nyuzi 12, sembuse nyuzi 31 za sebuleni. Usipulize ndani ya nyumba ambayo jiko la mkaa au la gesi linawaka, hata kama liko chumba cha pili.

Kusafisha kunaanza rangi inapoisha kikombeni, si unapojisikia. Utando wa Vallejo ukishakauka maji hayauyeyushi tena. Mwaga rangi iliyobaki, puliza thina ya ukoo uleule hadi itoke nyeupe, kisha kisafishio. Usirukie alikoholi wakati bado mna Vallejo mbichi, unajua kitakachotokea. Mwisho wa siku toa sindano, ifute kwa kuivuta kuelekea nchani, kamwe usiifute kutoka nchani kurudi nyuma, kwa sababu ncha ikijikunja hata kwa upana wa unywele rangi itatoka upande. Fungua nozeli kwa spana yake ndogo na uiunge tena kwa nguvu za vidole viwili tu. Nyuzi za skrubu zake ni nyembamba, na zikikatika umenunua nozeli nyingine kwa bei inayokaribia ya brashi ya bei nafuu. Usiloweke brashi nzima kwenye thina, ndani mna vimpira. Siku utakapoona mapovu yanachemka kikombeni, mara nyingi ni nozeli iliyolegea au iliyopasuka, na upepo unarudi nyuma badala ya kutoka mbele.

Na usioshee juu ya sinki bila kuziba tundu. Nozeli ya 0.3 ni ndogo kuliko punje ya mchele. Yangu ilidondoka, ikagonga sufuria, ikazama. Nilifungua bomba la chini ya sinki, nikatoa mkunjo wake, nikachuja maji machafu kwa chujio la chai, na nikaikuta. Chujio la chai, bila shaka, nililazimika kununua jingine kabla ya saa kumi na moja.